Nani Alihakiki Kamiriithu? Wasanii wa Ridhaa na Haki ya Kusahihisha

Katika semina moja ya fasihi mwenzetu alisimama akatamka kwamba tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, ile inayojulikana kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda, si sanaa hata kidogo. Eti ni mkutano wa hadhara uliopambwa kwa nyimbo. Darasa zima liliangua kicheko, nami nikiwemo. Lakini usiku, nilipoifungua tena tamthilia hiyo, nilijikuta ninajiuliza: hivi sisi tuliocheka tulikuwa tunahakiki nini hasa? Tulikuwa tunahakiki kitabu. Na kitabu, kwa maoni yangu, ni mabaki tu ya kazi yenyewe.

Hoja yangu katika makala hii ni moja. Ninadai kwamba pale Kamiriithu uhakiki haukuja baada ya kazi kukamilika, kama tunavyozoea hapa chuoni, bali ndio uliokuwa chombo cha kuitengenezea kazi yenyewe. Waliohakiki hawakuwa wahadhiri. Walikuwa wasanii wa ridhaa: wakulima, vibarua, wafanyakazi wa kiwandani na vijana wasio na ajira. Ubora wa tamthilia hii, na hata udhaifu wake, unategemea nani alikuwepo pale kusahihisha na nani hakuwepo.

Historia kwa ufupi

Kamiriithu ni kijiji cha Limuru, nchini Kenya. Kilianzishwa katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipowahamisha watu kwa nguvu ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau. Mwaka 1976 wanakijiji walikuwa na kituo chao cha elimu na utamaduni. Ngugi wa Thiong'o amesimulia jinsi mama mmoja wa kijiji alivyomfuata nyumbani Jumapili baada ya Jumapili, akimdai airudishe kijijini elimu aliyoipata. Wakaanza na kisomo cha watu wazima. Kisomo kilipokwisha, mwishoni mwa mwaka huo, yeye na Ngugi wa Mirii wakapewa kazi ya kuandika mchezo. Rasimu ilikuwa tayari Aprili 1977.

Hapo ndipo mambo yanapoanza kunoga. Rasimu ilisomwa mbele ya watu, na watu hawakuipokea kama msahafu. Walibishana na lugha yake: mzee hasemi hivi, kijana hamjibu mkubwa wake hivyo. Wasomi wawili wakageuka wanafunzi wa lugha yao ya mama. Penye sherehe za ndoa, wale waliozijua ndio walioonyesha wimbo gani unatangulia, nani anasimama wapi na nani anajibu. Mfanyakazi wa kiwanda cha viatu alikaa akapiga hesabu, akawaeleza wenzake ambao hawajawahi kukanyaga kiwandani ni siku ngapi za mwezi anajifanyia kazi mwenyewe na ngapi anamfanyia tajiri. Hata bunduki za kuigizia zilitengenezwa na watu waliowahi kuwatengenezea wapiganaji bunduki za kweli.

Mazoezi yalianza Juni, tena hadharani. Wanakijiji walijenga wenyewe jukwaa la wazi lenye nafasi ya watazamaji wapatao 2,000. Apitaye anasimama, anatazama, anatia neno. Mchezo ulipofunguliwa rasmi tarehe 2 Oktoba 1977, wengi wa watazamaji walikuwa wameshaujua. Sisi tunaficha mazoezi ili tuje kuwashangaza watu kwa ukamilifu. Wao waliwaonyesha watu jinsi ukamilifu unavyotafutwa.

Usahihishaji umefanya nini katika tamthilia?

Mgogoro wa tamthilia ni mwepesi kuusimulia. Kiguunda, mkulima maskini, ana ekari moja na nusu, na hati yake ya ardhi ameitundika ukutani. Tajiri Ahab Kioi anakuja kumsihi yeye na mkewe Wangeci wafunge ndoa ya kanisani. Wao wanafikiri anakuja kumposa binti yao, Gathoni. Kiguunda anakopa benki ili aifanye hiyo harusi. Gathoni anapewa mimba na mtoto wa Kioi kisha anaachwa, na ile ekari na nusu inapotea.

Kwa muhtasari huu, mwenzetu wa semina angekuwa na haki yake. Hadithi ya maskini kunyang'anywa shamba tumeisoma mara nyingi. Lakini tazama mahali mchezo unapopata pumzi. Gicaamba, jirani mfanyakazi, anapoeleza maisha ya kiwandani, hatoi kaulimbiu; anatoa hesabu, na hesabu ile ina jasho la mtu aliyeishika. Sehemu za ngoma na ndoa za jadi nazo hazikubandikwa kama pambo. Ndizo zinazotuonyesha heshima ambayo Kiguunda tayari alikuwa nayo kabla hajaambiwa na Kioi kwamba ndoa yake ni dhambi. Bila sehemu hizo, kosa la Kiguunda lingekuwa ujinga tu. Pamoja nazo, ni msiba. Sasa niambie, ndugu msomaji, sehemu hizi zimetoka kwa nani? Ni zilezile ambazo wasanii wa ridhaa walikuwa na ujuzi wa kuzisahihisha.

Hata hivyo, mhakiki hapaswi kuwa mpiga debe. Kioi na mkewe Jezebel ni wahusika bapa. Majina yao ya Biblia yamekwisha wahukumu kabla hawajafungua mdomo, na wakisema, wanasema kile tunachotarajia matajiri wanafiki waseme. Hatuoni hata siku moja Kioi akijidanganya mwenyewe. Kwa nini? Wengi wetu tungejibu kwamba ni itikadi. Mimi nadhani sababu iko karibu zaidi. Miongoni mwa waliokaa kwenye mazoezi hakuwepo mtu wa kusema, "Hapana, tajiri hali chakula hivyo, wala hamwambii mkewe hivyo chumbani." Uhakiki wa pamoja una upana sawasawa na maisha ya walio pamoja. Pale ambapo hakuna aliyeishi jambo, waandishi walibaki peke yao na makisio yao, kama tunavyobaki sisi.

Kwa hiyo ninawapinga pande mbili. Wanaosema sanaa ya wengi ni sanaa mbovu hawajaona kwamba wengi ndio walioiokoa. Na wanaosema kila kitokacho kwa wavujajasho ni safi hawajamsoma Kioi kwa makini. Jambo jingine: jalada lina majina mawili tu ya waandishi. Siwalaumu, wao wenyewe wameeleza waziwazi mchango wa kijiji. Ninalaumu desturi yetu ya kuandika "mtunzi anatuambia kwamba..." katika kazi ambayo mtunzi mwenyewe aliambiwa.

Serikali ilielewa kuliko sisi

Tarehe 16 Novemba 1977, wiki sita tu baada ya kufunguliwa, kibali cha mchezo kilifutwa. Desemba 31 mwaka huohuo Ngugi wa Thiong'o aliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, akakaa huko hadi Desemba 1978. Lakini kitabu kilichapishwa kwa Kikuyu mwaka 1980, kikauzwa. Jamani, hili halituambii kitu? Maneno yaleyale ndani ya jalada yalivumilika. Watu kukusanyika, kuigizana na kukosoana hakukuvumilika. Mwaka 1982 kikundi kilipoandaa mchezo wa pili, Maitu Njugira, kilinyimwa ukumbi wa taifa. Wakafanya mazoezi Chuo Kikuu cha Nairobi, na maelfu wakaja kutazama mazoezi tu. Machi mwaka huo jukwaa la Kamiriithu likabomolewa. Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilirudi jukwaani, Nairobi. Ngugi wa Thiong'o alifariki Mei 2025. Ubao wa jukwaa la kijijini haukurudi.

Hitimisho

Nimalizie kwa kujikosoa. Mwaka jana kikundi chetu cha maigizo, nasi ni wa ridhaa vilevile, kiliigiza mchezo niliouandika mimi, wenye mhusika mama ntilie. Tulifanya mazoezi mlango umefungwa. Tulipongezana sana. Kesho yake mama anayetuuzia wali nje ya lango, ambaye alikuja kutazama, aliniita: "Mwanangu, yule mama yenu anahesabu hela huku anapakua. Nani anafanya hivyo? Mikono ina mafuta. Hela anapokea mtoto." Nilicheka, nikamwambia, "Shikamoo mama, umetuweza." Lakini nilikuwa nimefedheheka. Mchezo mzima ulihusu umaskini wake, na mtoto yule anayepokea hela badala ya kwenda shule hakuwemo.

Hakuna mhadhiri aliyeliona hilo, wala mimi. Rasimu ya mwaka huu nimeshampelekea. Amesema nimsomee jioni, akishamaliza kuosha masufuria.