Brashi Iliyoamua Masafa ya Umeme wa Reli

Ukitaka kujua kwa nini treni za Ujerumani hazitumii umeme wa Hz 50 kama nyumba zilizo kando ya reli, anzia kwenye brashi ya mota. Mwanzoni mwa karne ya 20, mota ya treni ilikuwa ya komutata: koili za rota zimeungwa kwenye vipande vya shaba, na brashi za kaboni zinavigusa kupitisha umeme. Brashi ikigusa vipande viwili kwa pamoja, koili iliyo kati yake inapigwa shoti. Kwenye AC sumaku ya mota hupanda na kushuka bila kukoma, hivyo koili hiyo hugeuka transfoma ndogo yenye volti zake yenyewe, zinazoongezeka kadiri masafa yanavyoongezeka. Hapo ndipo cheche zinapozaliwa.

Nguzo za ziada za sumaku ziliweza kuzizima volti hizo, lakini pale tu rota inapozunguka. Treni inapong'oka stesheni na mzigo, rota bado imesimama, mkondo ni mkubwa, na brashi inaunguza vipande vilevile. Ikabaki kupunguza masafa. Huko Uswisi, kati ya Seebach na Wettingen, kampuni ya Oerlikon ilianza majaribio mwaka 1905 kwa Hz 50, kichwa cha treni kikibeba mashine ya kuugeuza umeme kuwa DC. Kichwa cha pili kikatumia mota za AC, kwa Hz 15.

Kushuka mno nako hakufai: transfoma huzidi uzito, na treni ndiyo inayoibeba.

Kati ya 1912 na 1913, reli za Prussia, Bavaria na Baden zilikubaliana juu ya kilovolti 15 na Hz 16⅔, yaani theluthi kamili ya 50. Hesabu hii naipenda sana. Mota ya nguzo 12 kwenye Hz 50 huzunguka mara 500 kwa dakika. Funga jenereta ya nguzo 4 kwenye shafti hiyohiyo, utapata 16⅔ bila gia yoyote.

Baadaye rektifaya ziliondoa tatizo la brashi, Ufaransa ikaeneza kilovolti 25 kwa Hz 50, na SGR ya Tanzania inatumia mfumo huo. Ujerumani, Austria na Uswisi zilibaki na mfumo wao wa Hz 16⅔, ila Oktoba 1995 zilisogea hadi Hz 16.7. Katika baadhi ya mashine za kubadili masafa, theluthi kamili iliacha mkondo wa DC ukiganda kwenye koili moja ya rota na kuichemsha. Tofauti hiyo ndogo huhamisha joto kutoka koili hadi koili.