Mwili Umo Ndani: Tunavyokosea Kuhukumu Deraya za Gemu

Niliivaa saa nne na nusu asubuhi. Kufikia saa tano na robo nilikuwa nimeketi nyuma ya meza ya soda, helmeti imevuliwa, rafiki yangu ananipepea na kipande cha katoni huku akiniuliza jina langu, kama nesi anavyomuuliza mgonjwa. Nilijibu sawasawa, ila mara ya pili. Lilikuwa tamasha la gemu jijini Nairobi, na hali ya hewa siwezi kuilaumu, maana siku yenyewe ilikuwa ya baridi. Joto lile nilijitengenezea mwenyewe kwa wiki tano, kwa kisu, gundi na rangi ya kupuliza.

Jioni zawadi ya vazi bora ilikwenda kwa deraya ambayo mwenyewe alishikwa na watu wawili ili aweze kupanda ngazi tatu za jukwaa. Sina ugomvi na mshindi. Kazi yake ilikuwa safi: rangi imekaa, mikwaruzo ya vita imechorwa kwa subira, taa zinawaka. Ugomvi wangu ni na kipimo. Majaji walikuwa na picha ya mhusika kwenye simu. Wanainua macho, wanashusha macho, wanalinganisha. Basi, kazi imekwisha.

Nasema tunakosea. Deraya ya kutengeneza nyumbani tunaihukumu kama picha, wakati ni kitu kinachovaliwa na mtu anayepumua, anayetoka jasho na anayetaka kwenda msalani. Na kwa sababu tunatoa pointi kwa picha, tunawafundisha mafundi wetu kuusahau mwili uliomo ndani.

Tuanze na malighafi. Deraya nyingi za nyumbani hazina chuma. Ni sponji ya EVA, ile ya mikeka ya rangirangi ya watoto ambayo vipande vyake vinashikana kwa meno. Kama hujawahi kuigusa mikeka hiyo, huenda umeshaivaa, kwa sababu kandambili nyingi ni EVA hiyohiyo. Fundi anaikata, anaipasha kwa mashine ya kupuliza hewa moto mpaka inalegea, anaikunja juu ya sufuria au goti, anaishikilia. Ikipoa inabaki na umbo lile. Halafu inafuata gundi ya fundi viatu, halafu rangi.

Ndani ya sponji hii kuna vifuko vidogo sana vya hewa, kila kimoja kimefungwa peke yake. Hewa isiyotembea haipitishi joto vizuri. Na kwa kuwa vifuko havijaungana, maji na mvuke navyo hupita kwa shida sana. Kwenye kandambili hizo ni sifa mbili njema: lami ya moto haikuunguzi unyayo, na ukitoka bafuni haibaki imelowa kama kitambaa. Zungushia sifa hizohizo kifua, mgongo na kichwa, uone.

Hebu tupige hesabu. Mtu aliyetulia hutoa joto la kama wati 100. Akitembea na mzigo, tuseme wati 300. Kwa saa moja hizo ni kilojouli 1,080. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na kilojouli 2,400 hivi. Kwa hiyo, kama jasho peke yake lingebeba kazi yote ya kukupoza, lazima ukaushe karibu nusu lita kila saa. Neno la kushika hapo ni kukausha. Jasho linalochuruzika mgongoni na kuishia kwenye soksi halijapoza chochote cha maana. Siku ile jasho nilikuwa nalo tele. Halikuwa na pa kwenda.

Wanaanga wanalijua tatizo hili kuliko sisi. Chini ya vazi la NASA la kutokea nje ya chombo, mwanaanga huvaa nguo ya ndani iliyoshonewa mirija myembamba, karibu mita 90 ikinyooshwa, inayozungusha maji baridi mwilini. Yaani vazi la kweli la anga lilianza na swali la jasho. Letu la kubuni limeanza na swali la sura, na huko ndiko lilikoishia.

Sasa tuje kwenye usanifu wenyewe. Mmoja wa wahusika wanaoigwa sana ni Master Chief wa Halo, gemu iliyotoka mwaka 2001. Deraya yake ya kijani inavutia, sibishi. Lakini angalia unavyoiona ndani ya gemu. Unacheza ukiwa ndani ya macho yake, na muda mwingi unachoona ni mikono na bunduki. Deraya nzima unaiona kwenye jalada, kwenye vipande vya filamu, au ukimtazama mchezaji mwenzako. Na hata hapo, mwili wa kompyuta ni ngozi ya pembetatu tu. Bega likipenya ndani ya bamba la kifua, mashine haipigi kelele. Picha mbili zinapishana, maisha yanaendelea.

Sponji haikubali. Nililijua hilo nilipoinua mkono kumsalimia mtu. Bega lilisukuma kifua, kifua kikasukuma shingo, helmeti ikazunguka, nikabaki natazama ukuta wa ndani wa kazi yangu mwenyewe. Huyo mhusika amesanifiwa kuwa jitu la futi 7 hivi. Mimi nina futi 5 na kidogo, na nina makwapa.

Hapa ndipo naiona thamani ya vazi la nyumbani. Ni uhakiki unaofanywa kwa mikono. Mchoraji alisema, "Huyu ni askari anayekwenda popote." Fundi akikata, akiunga na kuvaa, anagundua mahali ambapo mchoro ulidanganya. Kila anapoachana na picha kwa sababu ya kiungo cha mwili, anatoa hoja. Kwenye tamasha lile kulikuwa na dada aliyepasua bamba la kifua ubavuni, akalishikisha kwa lastiki pana, na mabega akayaning'iniza yaelee. Aliketi, alikula chipsi, alicheza na watoto. Nikamsikia jaji akimwambia mwenzake kwamba ule upasuo haumo kwenye picha. Pointi zikaondoka. Jamani! Ule upasuo ndio ulikuwa wazo bora kuliko yote ukumbini.

Kuna gemu iliyofikiri vizuri zaidi kuhusu mavazi, nayo ni Dead Space ya mwaka 2008. Mhusika wake, Isaac Clarke, ni mhandisi, na vazi lake ni la kazi. Humo unamfuata kutoka nyuma muda wote, kwa hiyo wasanifu waliweka kipimo cha uhai wake kwenye uti wa mgongo, mstari wa taa unaopungua anavyoumia. Hakuna haja ya kibao pembeni ya kioo. Unamtazama mtu mgongoni na unajua hali yake. Kwangu mimi hilo ni vazi lenye akili, kwa sababu linasema kitu kuhusu mwili unaolivaa.

Lakini majaji wakilipima vazi la Isaac wanasimama mbele, wanaitazama helmeti na mistari yake inayong'aa, wanaondoka. Mgongo, ambao ndio moyo wa usanifu, hawauzungukii hata mara moja. Na nikiri kwamba nilipokuwa nyuma ya meza ile ya soda, nilitamani sana ningekuwa na taa kama zile. Mtu angejua kabla sijayumba.

Najua mtu atanijibu kwamba kosplei ni sanaa ya kufanana, na kwamba asiyetaka kufanana avae kanzu aje. Hoja ina uzito. Ila swali la helmeti ni kitu gani limewahi kufika mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza. Mwaka 2011, katika kesi ya Lucasfilm dhidi ya Andrew Ainsworth, fundi aliyetengeneza helmeti za askari weupe wa Star Wars, mahakama iliamua kwamba helmeti ile haihesabiki kuwa sanamu kwa mujibu wa sheria ya hakimiliki ya huko. Ilikuwa na kazi ya kufanya katika utengenezaji wa filamu. Wapenzi wengi wa sanaa uamuzi huo uliwaudhi. Mimi unanisaidia, kwa sababu unatuambia tuulize kwanza, kitu hiki kazi yake ni nini?

Kazi ya vazi la filamu ni kuishi mbele ya kamera kwa dakika chache, kisha mtu anakuja kukuvua. Anthony Daniels, aliyekuwa ndani ya C-3PO katika filamu ya mwaka 1977, hakuweza hata kuketi kama kawaida akiwa amelivaa. Filamu ilivumilia, kwa kuwa ilikuwa na wasaidizi na mkasi wa mhariri. Vazi letu linatembea siku nzima katikati ya watu, bila mhariri. Kazi tofauti, kipimo tofauti.

Na mchezo huu ulianza hivyohivyo. Mwaka 1939, kwenye kongamano la kwanza la dunia la bunilizi za kisayansi huko New York, Myrtle Douglas, aliyejulikana kama Morojo, alitengeneza mavazi ya wakati ujao, lake na la rafiki yake Forrest Ackerman. Waliyavaa na kuzunguka nayo kati ya watu. Vazi la kwanza la namna hii lilikuwa nguo.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa waandaaji ni la bei rahisi. Kabla ya picha, mshiriki atembee dakika 10. Aketi, ainuke. Anywe maji mwenyewe, bila kusaidiwa kuvua helmeti. Majaji wamzunguke, mgongo nao upate alama zake. Anayeachana na picha aulizwe kwa nini, na jibu zuri limwongezee pointi. Halafu, baada ya hayo yote, tupime kufanana.

Na wewe unayejenga chumbani usiku, nakuomba mawili. Gundi ya fundi viatu ina viyeyusho vinavyolewesha na kudhuru, kwa hiyo fungua dirisha au toka nje kabisa. Na ukisikia harufu ya siki sponji inapopashwa, umezidisha moto, maana EVA ikiungua hutoa asidi ya asetiki, na moshi wake si wa kuvuta.

Helmeti yangu bado ipo, juu ya kabati. Nimetoboa matundu mawili kisogoni na kufunga feni ndogo iliyotoka kwenye kompyuta iliyokufa. Mabega nimeyapunguza vidole vinne. Haifanani tena na picha, na wiki iliyopita niliivaa saa nzima nikiosha vyombo.