Mshahara wa Mwezi, Mahindi ya Mwaka

Mwalimu au nesi anayeishi Katandala, Manispaa ya Sumbawanga, hupokea mshahara mwisho wa mwezi, na ndipo anapokwenda sokoni na kapu la kila kitu: unga, maharage, dagaa, mafuta, vitunguu. Utaratibu huo haumsumbui kichwa, lakini unamtoboa mfuko, kwa kuwa chakula cha uwanda huu wa Ufipa hakifuati tarehe ya benki. Mahindi yana kalenda ya mwaka, dagaa wana kalenda ya mwezi wa angani, mchicha una kalenda ya siku. Anayeokoa fedha na muda ni yule anayenunua kila kimoja kwa kalenda yake, kisha akapanga milo kufuata alichonacho.

Tuanze na mahindi, maana ndiyo yanayobeba bajeti. Uwandani huku mbegu huingia ardhini kuanzia Novemba na mavuno huanza karibu na Juni. Mahindi yakijaa sokoni bei huwa chini. Maghala ya wakulima yakianza kukauka, kuanzia Januari hivi, bei hupanda. Swali ni kaya inunue kiasi gani. Chukua mfano wa watu sita wanaokula ugali mlo mmoja kwa siku, unga kilo moja na nusu. Kwa mwaka ni kilo 548 hivi. Wakila dona, magunia matano na nusu ya kilo 100 yanatosha. Wakila sembe, kukoboa kunaondoa karibu robo ya uzito, kwa hiyo watahitaji zaidi ya magunia saba. Tofauti hiyo ya karibu magunia mawili ni akiba ambayo hakuna mapatano ya bei sokoni yatakayoifikia, isipokuwa kwa kaya inayofuga kuku na kurudi na pumba zake kutoka mashineni.

Wakati wa kununua, debe na sado hupima ujazo, si uzito. Mahindi yaliyokauka vizuri na mahindi mabichi kidogo hujaza debe lilelile, na kilele cha juu hutegemea mkono wa muuzaji. Afadhali kupima kwa mizani. Tena uliza kama Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), wenye kanda yao hapahapa Sumbawanga, wameanza kununua. Wakinunua kwa bei nzuri, mkulima hana sababu ya kukuuzia kwa bei ya chini.

Akiba hii yote huweza kuishia tumboni mwa dumuzi. Mdudu huyu, asili yake Amerika ya Kati, aligundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hubakiza vumbi penye punje. Kinga isiyohitaji dawa ni mfuko wa PICS: mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba kimoja. Ukifungwa barabara, hewa huisha na wadudu hufa. Sharti mahindi yawe makavu. Ili kupima ukavu, weka punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, kisha subiri kidogo. Chumvi ikigandamana na kioo, rudisha mahindi juani. Fungua mfuko mmoja tu kwa wakati, maana kila ukifunguliwa hewa inaingia. Kwa kaya ya mfano wetu, mfuko wa dona unakwenda miezi miwili hivi. Usisage wote kwa mkupuo: dona lina mafuta ya kiini na huchacha mapema kuliko sembe. Ulezi hauna masumbuko haya, wadudu huusumbua kidogo sana, ndiyo maana unafaa kuwa akiba ya uji ya muda mrefu.

Dagaa na migebuka hupanda huku kutoka Ziwa Tanganyika, kupitia mialo kama Kasanga na Kirando. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mavuno hushuka. Basi nunua dagaa wakavu baada ya siku za giza, na siku za mbalamwezi weka maharage kwenye ratiba. Vilevile fuatilia matangazo ya Serikali: mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Aliyeweka dagaa wakavu mapema aliendelea kula bila kukimbizana na bei.

Maharage ni rahisi kupatikana Ufipa, lakini gharama yake nyingine iko jikoni. Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi joto 94 badala ya 100. Maharage yanachelewa kuiva na mkaa unateketea. Yaloweke usiku kucha, chemsha sufuria moja kubwa, kisha gawa: leo yaungwe kwa ugali, kesho yaliwe na wali. Baridi ya Juni na Julai husaidia kuyahifadhi, ila yachemshwe tena asubuhi na jioni.

Vilivyobaki ni vyepesi. Mafuta, chumvi na sabuni ndivyo vinavyostahili kufuata mshahara. Vitunguu na viazi ni vya wiki. Mboga za majani na nyanya ni za siku, kwenye genge la jirani. Kuzijaza kapuni kwa wingi ni kununua takataka.

Pingamizi lipo, na lina uzito: kibarua anayelipwa kwa siku hana fedha ya magunia matano Julai. Anaweza, hata hivyo, kupanga zamu yake ya mchezo wa kupokezana fedha iangukie msimu wa mavuno, au kununua debe moja kila wiki kuanzia Juni hadi Agosti. Hata magunia mawili yakihifadhiwa kwa ajili ya Januari hadi Aprili yatamkinga dhidi ya miezi minne ya bei ya juu. Kwa mwenye fedha kidogo, huko ndiko kwa kuanzia: asilenge kujaza ghala la mwaka, alenge kufunika miezi ile anayojua itamuumiza.