Jina Linapoishia Ukingoni

Mpe mtoto wa miaka mitano penseli, mwambie aandike jina lake, kisha unyamaze umtazame. Atainama mpaka pua ikaribie karatasi, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo. Kama ni Asha, ataanza na A: mstari wa kushuka, wa pili wa kushuka, halafu kile kijistari cha katikati, ambacho ndicho chenye kazi, maana lazima kianzie mahali na kikome mahali. S imegeuka, imekaribia kuwa 2. H ina mguu mmoja mrefu. Nafasi imekwisha, basi A ya mwisho inapandishwa juu, ukingoni kabisa.

Wakubwa huicheka ile S. Mimi naona ina hoja. Tangu azaliwe, mtoto anajua kikombe ni kikombe, kishikio chake kielekee kulia au kushoto. Leo anaambiwa b ikigeuka ni d, na d ikipinduliwa ni p! Mwalimu wa chekechea anayeijua kazi yake hamfokei. Humwandikisha hewani kwa mkono mzima, au mchangani kwa kidole, mpaka bega lizoee mwendo wa herufi. Vidole vitafuata.

Kazi hii haikuanza na madaftari. Mwaka 1956 wanaakiolojia waliokuwa wakichimba mjini Novgorod, Urusi, walipata vipande vya gome la mti wa betula vilivyokwaruzwa kwa ncha kali katika karne ya 13. Mwandishi wake ni Onfim, mtoto anayekadiriwa kuwa na miaka sita au saba. Aliandika alfabeti, akaingia kwenye silabi, zile ba na ga na da ambazo watoto wetu nao huziimba darasani. Kipande kimoja kinapendeza kuliko vyote: alfabeti inafika herufi ya kumi na moja, inakatika, na badala yake anatokea mpanda farasi anayemchoma adui kwa mkuki, pembeni limeandikwa jina Onfim. Watu wake wana viganja kama reki, vidole havina idadi maalumu. Sidhani kuna aliyekusudia kuzitunza kazi hizo. Ziliokolewa na udongo wenye maji usiopitisha hewa, ambamo gome haliozi upesi.

Sisi tunaotaka kuzitunza kazi za watoto wetu tuna mchwa, unyevu wa pwani na jua la dirishani. Penseli ni kaboni, haipaushwi na mwanga. Michoro ya kalamu za wino wa rangi hupauka upesi ikibandikwa ukutani. Selotepu huacha doa la kahawia. Michoro ya krayoni usiipeleke kwenye mashine ya laminesheni, kwa kuwa krayoni ni nta na joto huiyeyusha. Ilaze bapa ndani ya bahasha kubwa, kabatini, mbali na sakafu na ukuta. Nyuma andika kwa penseli, pole pole, tarehe, umri, na alichosema mwenyewe: “Huyu ni bibi anafukuza kuku.” Bila maneno hayo, baada ya miaka kumi utabaki na mviringo wenye miguu.

Si kazi zote zinazohifadhika, na nyingine kusema kweli ni mikwaruzo tu. Mwache achague za kubaki. Mara nyingi ataitupa ile uliyoipenda wewe na kung’ang’ania ya trekta.