Ng'ombe anakula majani, lakini majani yanaota wapi?

Wandugu wasomi, kila mara tukibishana kama ni haki kula nyama wakati jirani amelala njaa, kuna mmoja anatoa hesabu ya FAO: katika chakula cha mifugo ya dunia, 86 kwa mia ni vitu ambavyo mtu hawezi kula. Kwa hiyo ng'ombe hamnyang'anyi mtu sahani. Mabishano yanaishia hapo.

Hesabu hiyo ni ya kweli. Ilitoka mwaka 2017, katika kazi ya Anne Mottet na wenzake. Shida ni kwamba tunaisoma nusu. Kazi ileile inasema mifugo inatumia malisho ya karibu hektari bilioni 2, na humo karibu milioni 700 zingeweza kulimwa. Mtu hawezi kula majani, sawa. Lakini udongo ulio chini ya majani, je?

Kuja Nyamitaba uangalie. Malisho yetu si makavu kama ya Turkana kule Kenya. Mvua iko, udongo ni muzuri, maharagi na mahindi vinatoa. Upande mmoja wa waya ng'ombe wanatembea kwa nafasi. Upande wa pili mama analima kipande anachokilipia kwa salongo, siku za kazi kwa mwenye ferme, kwa sababu hana udongo wake. Hapo kuuliza "nyama ao maharagi?" ni kuuliza udongo ni wa nani.

Na wale wanaosema tuache ng'ombe kabisa, siwafuati. Ukilima mteremko mkali, mvua inashusha udongo wote mtoni. Pale majani ndiyo dawa. Tena, maharagi yanatupatia protini ya kutosha, lakini vitamini B12 hayana, na sombe pia haina. Mtoto anaipata kwenye maziwa, yai, samaki ao nyama.

Basi kipimo changu ni hiki: ng'ombe abaki pale jembe linaharibu. Pale jembe linafaa, kwenye tambarare na miteremko ya polepole, ng'ombe anakula chakula cha mtu, hata kama mdomoni mwake kuna majani tu.

Siku nyingine mtu akileta ile 86, mumuulize kwanza: ya kilima gani?