Ruziba: mti ndio unaofungua wavu

Afikaye ufukweni Ruziba, kusini mwa Bujumbura kwenye barabara ya Rumonge, huvutiwa kwanza na nyavu na taa. Kazi nzito kuliko zote, hata hivyo, hufanywa na miti.

Katamarani ya kuvulia samaki wadogo waitwao ndagala ni boti mbili za mbao zilizowekwa sambamba, zikaunganishwa kwa miti mirefu iliyokatiza juu yake. Wavu wake wa kuinua uliingia kaskazini mwa Ziwa Tanganyika miaka ya 1950. Baadaye ukaja mkubwa zaidi, uitwao Apollo. Usiku usio na mbalamwezi wavu hushushwa, taa huwakusanya ndagala pamoja na mukeke wanaowawinda, kisha wavu huvutwa juu kwa kamba.

Wavu ni kitu laini, ukiachwa hujikunja. Ili mdomo wake ubaki wazi, sharti kitu kigumu kizuie pembe zake zisikaribiane. Boti ndogo ya tanga nayo ina shida hiyohiyo ikienda na upepo wa nyuma: tanga la mbele hulegea, hivyo baharia hulitanua kwa mti, ncha moja mlingotini, nyingine kwenye pembe ya tanga. Mti wa tanga hubanwa tu kwa urefu wake. Ule wa katamarani una mzigo wa pili: kamba zikivutwa, boti hutaka kusogeleana na kuubana, huku uzito wa wavu ukiupinda kwenda chini.

Hapa hesabu ya mwanahisabati Leonhard Euler ya mwaka 1744 ina faida. Mti ukirefushwa mara 2, mbano unaoweza kuuvumilia kabla ya kupinda hushuka hadi robo. Ukinenepeshwa mara 2 kwa kipenyo, uwezo huo hupanda mara 16. Kwa hiyo anayetamani mdomo mpana zaidi wa wavu asitafute mti mrefu tu wa unene uleule, kwani atakuwa amenunua udhaifu.

Maungio nayo yana siri yake. Wimbi haliziinui boti mbili kwa pamoja. Moja hupanda nyingine ikishuka. Msumari peke yake hushindana na mwendo huo mpaka ubao upasuke tunduni. Kamba iliyokazwa sawasawa huachia mwendo kidogo, tena hufunguka mti ukihitaji kubadilishwa.

Kisha kuna utaratibu wa mikono. Kwenye boti ya tanga, ncha ya nje ya mti hufungwa kwanza kwenye tanga, ndipo ya ndani ikapachikwa mlingotini. Wakati wa kuutoa, ya mlingotini hutangulia. Sababu ni kwamba hivyo ncha iliyo huru hubaki mkononi; isiposhikwa, humpiga aliye karibu. Katamaranini kanuni hiyo hutaka pembe zote za wavu zivutwe kwa kasi moja, na mzigo uondolewe kabla fundo lolote halijaguswa. Mti wa akiba hulazwa ndani ya boti, ukafungwa ncha zote mbili.

Mwenye chombo akiwa na fedha ya tengenezo moja tu, aanze na maungio. Taa ikizimika, hupotea samaki wa usiku mmoja. Maungio yakiachia katikati ya kuvuta, boti mbili hugongana, na wavu pamoja na mikono ya watu viko katikati.