Mwaka Huanzia Kwenye Suke

Kalenda ya ukutani husema mwaka mpya ni Januari mosi, lakini ukifika Ifakara tarehe hiyo utamkuta mkulima wa mpunga yuko katikati ya shughuli. Mvua zimeshaanza, pawatila ya kukodi inasubiriwa kwa zamu, watoto wanataka sare na madaftari, na kaya nyingi zinafunga virago kuhamia kwenye vibanda vya shambani, mbali na nyumbani, ziishi huko mpaka mavuno. Huo si wakati wa kupanga mwaka. Mwaka ulishapangwa tangu mwezi wa saba, kipupwe kikivuma na mpunga umekauka shambani, na aliyeupanga hakuandika popote. Aliingia shambani na kisu, akachagua mbegu.

Watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, huukaribisha mwaka wao Julai kwa sherehe ya Mwaka Kogwa, wakifuata hesabu ya kale ya Nairuzi. Hata serikali hufungua mwaka wake wa fedha Julai mosi. Naona mwezi huo unastahili heshima hiyo, na kwa bonde la Kilombero, ilipo Ifakara, sababu iko wazi: Julai ghala lina kitu, na mtu anaweza kufikiri bila njaa kumsukuma. Anayeweka azma akiwa na njaa huweka azma ya kesho tu.

Bonde lenyewe limelala kati ya milima ya Udzungwa, kaskazini-magharibi, na nyanda za juu za Mahenge, kusini-mashariki. Masika yakikolea, Mto Kilombero hutoka kwenye kingo zake ukatandaa kwenye tambarare ambayo mwaka 2002 iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, karibu kilomita za mraba 8,000. Maji hayo huleta rutuba, na hayo hayo huweza kufunika jitihada za msimu mzima. Kwa hiyo mbegu ya hapa haichaguliwi kwa kigezo kimoja. Bondeni kabisa, maji yanakotuama, mpunga mfupi utazama; kwenye mwinuko unaowahi kukauka, mpunga unaochelewa kukomaa utaishia mapepe. Mwenye vipande viwili vya shamba mara nyingi ana mbegu mbili, na hawezi kukubali zichanganyike.

Niliwahi kufuatana na mama mmoja wa pembezoni mwa Ifakara siku alipokwenda kuchagua, kabla wavunaji hawajaingia. Nilimwonyesha suke nono lililoinama ukingoni mwa shamba, nikidhani nimemsaidia.

“Hilo liache, mwanangu,” akasema. “Limenona kwa sababu liko pembeni, limekula peke yake. Tunataka la katikati, lililobanana na wenzake na bado likajaa.”

Mtaalamu wa kilimo angeeleza jambo hilo hilo kwa kurasa kadhaa: mmea wa ukingoni hupata jua na mbolea zaidi, unene wake ni wa mahali, si wa mbegu. Mama yule alilisema huku mkono wake ukiendelea kufanya kazi. Alishika suke, akalipindua kutazama punje za chini, zile zinazokomaa mwisho, akazibonyeza kwa ukucha. Lililokuwa na punje tupu kwenye shina aliliacha. Lenye punje zenye ndevu ndefu, wakati mbegu yake haina ndevu, aliling'oa na mmea wake wote, kwa sababu ni dalili ya mpunga mwitu, ambao hupukutika kabla ya mavuno, ukajipanda wenyewe na kurudi mwaka unaofuata kwa wingi zaidi. Kila hatua chache alitia punje mdomoni akaing'ata. Ikipasuka kwa mlio imekauka. Ikibonyea kama unga wa ugali, bado. Alitembea hivyo mpaka jua likawa kali, na alichokipata kilienea kwenye ungo mmoja.

Ufundi huu unawezekana kwa sababu ua la mpunga kwa sehemu kubwa hujichavusha lenyewe, na mtoto hufanana na mzazi. Mahindi chotara hayana hisani hiyo. Ukipanda ulichovuna, shamba linakuwa mchanganyiko. Mpunga humlipa anayeuangalia. Supa, Kalamata, Rangi Mbili, Shingo ya Mwali, Jambo Twende, Faya Dume: mbegu hizi zimetufikia zikipita mkono kwa mkono, msimu kwa msimu, na kila mkono ulikataa masuke mengi zaidi ya yale uliyoyakubali. Harufu ya wali wa Supa inayomfanya mnunuzi wa Dar es Salaam aongeze bei ni kazi ya mikono hiyo pia.

Sisemi hivyo kuwabeza watafiti. Kituo cha utafiti cha Ifakara, ambacho wengi bado wanakiita KATRIN na sasa kiko chini ya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo nchini, kimefanya kazi kubwa, na mbegu ya SARO 5 imewapa wakulima mpunga usioanguka ovyo kama Supa na unaozaa zaidi maji yakiwepo. Mbegu iliyorudiwa misimu mingi bila uangalizi huchakaa kwa kuchanganyika, na mkulima mwangalifu hununua upya inapobidi. Ila nawapinga wanaoitaja mbegu ya kujiwekea kama alama ya umaskini. Anayejiwekea mbegu vizuri anajua mambo ambayo pesa hainunui.

Baada ya shamba huja kazi ya nyumbani, na hapa ndipo ushindi mdogo mdogo wa kipupwe unapopatikana. Mpunga wa mbegu haupigwi kwa fimbo ukapasuka. Hupurwa taratibu, ukaanikwa kwa tabaka jembamba juu ya mkeka au turubai, ukageuzwa mara kwa mara. Hupepetwa. Wengine huupima kwa maji ya chumvi: unatia yai bichi kwenye ndoo ya maji, unaongeza chumvi na kukoroga mpaka yai lielee na kuonyesha mgongo wa ukubwa wa sarafu, kisha unatoa yai na kumwaga mpunga. Mapepe huelea, yanatupwa. Mbegu iliyozama husuuzwa kwa maji safi, maana chumvi ikibaki itaichoma. Kabla ya kupanda, punje 100 huviringishwa kwenye kitambaa chenye unyevu, na baada ya wiki huhesabiwa. Zikiota 80 au zaidi, mtu analala.

Lakini kuilinda ni kugumu kuliko kuichagua. Mbegu ni chakula. Inakaa ndani ya nyumba ile ile yenye watoto, panya, wageni na madeni, tangu Julai mpaka mvua zishike. Wako wanaofunga masuke mafungu wakayaning'iniza juu ya moshi wa jiko, wako wanaotumia ndoo yenye mfuniko wa kubana. Yote hayo humzuia panya na mdudu. Hayamzuii mnunuzi anayefika na mzani kuelekea mwisho wa mwaka, bei imepanda, na gunia la chakula limeanza kulegea. Mpunga bora kwa mbegu ndio huo huo mpunga bora sokoni. Kila mwezi unaopita bila mbegu kuguswa ni ushindi, na hakuna anayeupigia vigelegele. Wala simlaumu aliyeshindwa akaiuza kwa sababu ya mgonjwa.

Anayefika msimu wa kupanda na mbegu yake nzima hajilindii mwenyewe tu. Mafuriko yakibeba kitalu cha jirani, jirani anajua abishe hodi wapi. Hupimiwa, hurudisha baada ya mavuno, na deni hilo halihitaji karatasi, ingawa atakayerudisha mpunga wenye mapepe atakumbukwa kwa muda mrefu.

Kila tarehe 8 Agosti, kipupwe kikielekea ukingoni, wakulima wa kanda ya mashariki hukusanyika Morogoro kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere kwa Nane Nane. Huko kuna matrekta yanayong'aa, mifuko ya mbolea na mabanda yenye vipaza sauti. Ningependa wachagua mbegu wa Kilombero, wengi wao kina mama, wapewe banda lao. Wasiwekwe pale kama maonyesho ya mambo ya kale. Wapewe meza, masuke mabichi na makavu, ungo, na ndoo yenye yai, na vijana wanaokodi mashamba Ifakara na Mlimba wapange foleni kuwauliza: hili je, mama? Na hili?